Ukuta Aliousiriba Saleha

Mwangoma hakukuwa na mwanamke wa kubishana na Saleha juu ya udongo. Kijiji chenyewe ni kidogo, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu kutoka Moa, na nyumba zake enzi hizo zilikuwa za fito na udongo, zimeezekwa makuti. Lakini ukuta uliopitiwa na kiganja cha Saleha ungeweza kuapa kuwa ni wa saruji. Udongo aliujua kwa kuunusa. Huu una mchanga mwingi, utapasuka. Huu una chumvi, mvua ikija utatoka jasho. Huu ndio, chimbeni hapa. Wenzake walimtania kwamba siku akifa atapewa kazi ya kusiriba kuta za peponi, naye hujibu kwamba huko peponi wangoje kwanza, ana mtoto wa kulea.

Mtoto huyo ni Shekhe, na juu ya Shekhe Saleha hakuwa na utani. Kabla yake alikwisha zika wawili. Wa kwanza alikuwa wa kike, akaondoka na miezi tisa. Wa pili alikuwa ameanza kumwita baba yake kwa jina, Uweso, Uweso, kama mtu mzima, na watu wakicheka. Wote wawili walichukuliwa na homa, wote wakati wa masika. Masika ilikuwa hivyo pale kijijini. Wanawake walikuwa wakikataa kununua nguo za watoto kabla mvua hazijakatika.

Shekhe alizaliwa mwaka hamsini na sita, mwaka walipokuja wapiga dawa. Walikuja na mabomba mgongoni, wametumwa na chama cha hisani cha mzee mmoja wa Ulaya aliyetajirika kwa kiwanda cha biskuti. Mzee mwenyewe hakuna aliyemjua kwa jina. Watu walimwita Mfadhili, basi. Wapiga dawa waliingia nyumba moja baada ya nyingine, wakanyunyiza kuta za ndani, wakaondoka, na baada ya miezi sita wakarudi wakanyunyiza tena. Mbu wakapungua. Kisha ikawa jambo ambalo watu waliogopa hata kulitamka wasije wakalitia kijicho: masika ikapita bila mtoto kuzikwa. Ya pili ikapita. Shekhe akatimiza miaka miwili, akapita miwili, mnene, mkorofi, hajui homa ni nini. Mastura, binti wa jirani Mwatumu, aliyezaliwa wiki moja baada yake, naye vilevile. Saleha alikuwa akimpapasa mtoto paji la uso kila alfajiri kwa mazoea ya zamani, anakuta baridi, anamshukuru Mungu, na bado moyo haukubali kutulia.

Basi Januari ya mwaka hamsini na tisa, wapiga dawa wakiwa wameondoka mwezi mmoja tu nyuma, Jumbe Zubeiri akaita watu. Jumbe alikuwa mtu mzuri mwenye ugonjwa mmoja, kupenda kusifiwa na wageni. Mfadhili anakuja, akasema. Anakuja mwenyewe, kwa miguu yake, kukiona kijiji kilichopona. Ataingia majumbani. Kisha akawageukia wanawake.

"Mwaniaibisha ama mwanipamba?"

Hapo lazima nieleze desturi ya watu wale. Ukuta wa nje husiribwa kila mwaka Idi ikikaribia, lakini wa ndani hauguswi ila kwa mambo mawili: akiingia bibi harusi, au akija mgeni mkubwa. Na mgeni gani mkubwa kuliko huyu, aliyewarudishia watoto wao? Isitoshe dawa ilikuwa imeacha madoa meupe kutani, mistari mistari. Wanawake walikuwa wakiyaonea haya kwa muda mrefu. Saleha alisimama papo hapo. Alisema nyumba zote, ndani na nje, udongo na chokaa, na mgeni atadhani ameingia msikitini.

Siku nne walifanya kazi. Wakachimba udongo wa Saleha, wakaukanyaga kwa miguu huku wakiimba vijembe vya kuwasema waume zao, wakasiriba kwa viganja, kisha chokaa ya matumbawe juu yake mara mbili. Saleha alipita nyumba zote thelathini na saba, na palipokuwa na doa la dawa lililokaidi alirudia mwenyewe mpaka likazama. Nyumba ya Mwatumu aliimaliza ya mwisho, na ndiyo iliyotoka nzuri kuliko zote. Mwatumu alikaa katikati ya chumba, Mastura mapajani, akazungusha macho.

"Shoga, hapa hata kulala ntaona haya."

Mfadhili alifika Jumamosi. Alikuwa mzee mrefu, mwembamba, mwenye mikono inayotetemeka, na ilionekana wazi kwamba safari ile ilikuwa imemchosha. Aliingia nyumba ya kwanza, akaweka kiganja ukutani. Alipotoka macho yalikuwa mekundu. Alisema, na karani wake akatafsiri, kwamba ametoa mali nchi nyingi na hakuwahi kuona imekwenda wapi, ila leo ameona. Alimbeba Shekhe, wakapigwa picha mbele ya ukuta wa Saleha. Saleha alilia waziwazi, hakujificha. Alimpenda yule mzee. Kama angemwomba avue ngozi ampe angeivua.

Kisha Mfadhili akasema neno la pili. Kijiji kilichopona, akasema, hakihitaji tena kupigwa dawa. Kinahitaji kujengwa. Ile fedha ya dawa ya mwezi wa sita ataigeuza iwe zahanati ya mawe, hapa hapa, yenye jina la marehemu mkewe mlangoni. Jumbe Zubeiri alipiga makofi kwa nguvu kuliko wote, na wanawake wakapiga vigelegele.

Mtu mmoja hakupiga makofi. Alikuwa Asheri, Mbondei, kijana aliyekuja na msafara kutoka kituo cha utafiti cha Amani, kazi yake kuhesabu mbu. Kila miezi michache alipita majumbani na vichupa vyake, na watoto walimwita Bwana Mbu. Alisimama nyuma ya watu, kichwa kimeinama upande, akitazama kuta.

Kesho yake asubuhi alibisha hodi kwa Saleha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu uketi."

Hakuketi. Alitoa kikombe cha kioo chenye mbu kumi ndani, akakibandika mdomo ukutani juu ya kitanda cha Shekhe, akakishika hivyo huku akiangalia saa. Alieleza kwamba mbu akitua kwenye ukuta wenye dawa huanza kulegea, na baada ya muda huanguka. Saleha akacheka kidogo. Aliona ni mchezo. Wakazungumza habari za njiani na habari za mvua. Nusu saa ikapita. Asheri akabadilisha mkono. Saa nzima ikapita, na wale mbu walikuwa wakipanda na kushuka ukutani kwa raha zao, wote kumi.

"Mama," Asheri akasema, "mlisiriba ndani?"

"Ndani na nje. Huoni?"

"Nyumba zote?"

"Zote. Mimi mwenyewe nimezipitia." Alisema kwa fahari, na fahari yenyewe ikamfia mdomoni, maana aliona uso wa yule kijana. "Kuna nini?"

"Dawa ilikuwa ukutani, mama. Haikuwa hewani. Inakaa juu ya ukuta, mbu anaikanyaga, anakufa. Mmeizika."

Saleha alimwita mumewe. Uweso alikuwa nje akisuka mtego wa samaki, akaingia na ukindu mkononi. Aliulizwa kama wapiga dawa walisema chochote mwanzoni. Walisema, alijibu, tena barazani kwa Jumbe, wanaume wote walikuwepo. Walisema ukuta usiguswe.

"Na wewe ukaniambia nini?" Saleha akauliza.

Uweso alikuna kichwa. "Nilikwambia mtoto asirambe ukuta. Nilidhani ndio hiyo. Mambo ya kusiriba ni yenu, mimi ntajuaje?"

Ndivyo ilivyokuwa. Wanaume thelathini na saba waliambiwa, na hakuna hata mmoja aliyewahi kutia mkono wake udongoni tangu azaliwe. Wanawake waliosiriba hawakuitwa barazani. Saleha aliketi kitandani pa mwanawe. Alitaka kumpiga mtu na hakujua ampige nani.

"Tubandue," akasema. "Leo hii. Ntabandua mwenyewe kwa kucha."

Asheri alitikisa kichwa. Dawa ingebanduka na udongo. Hakuna njia ila kupiga upya, na kabla ya masika. Na kuna jambo jingine, akasema kwa sauti ndogo. Zamani mtoto aliyepona homa mara tatu nne mwili wake ulikwisha kuizoea, ikimrudia inamtikisa na kumwacha. Hawa wadogo waliozaliwa baada ya dawa hawaijui kabisa. Ikirudi sasa haitawachagua wanyonge. Itawachukua na wale wanene.

Walikwenda kwa Jumbe pamoja. Zubeiri aliwasikiliza, akawamiminia kahawa, akawasikiliza tena. Kisha akafunga mlango.

"Mwataka nimwambie nini yule mzee? Kwamba zawadi yake tumeipaka udongo? Aliyelia hapa jana?" Alimtazama Saleha. "Na nani aliyeipaka? Ntamtaja nani?"

"Mtaje huyo huyo," Asheri akasema. "Mzee atakasirika siku moja tu. Lakini atapiga dawa. Zahanati bila dawa ukutani itakuwa nyumba ya kungojea maiti, Jumbe. Ningekuwa na uwezo ningemwambia mwenyewe, mzee wangu weka mawe yako, nipe mabomba manne na watu sita."

"Mbona hukumwambia?"

Asheri alitazama chini. Alijaribu, akasema. Karani alimwambia asimharibie mzee furaha yake. Ila atawaandikia wakubwa wake, leo hii.

Jumbe alitaka jambo moja tu: wanyamaze mpaka jiwe la msingi liwekwe. Baada ya hapo watasema yote. Mwezi mmoja, miwili, ni nini? Na Saleha, Mungu amsamehe, alikubali. Alijiambia kwamba ananyamaza kwa ajili ya zahanati. Ukweli ni kwamba aliogopa. Kijiji kizima kilikuwa kikimwita fundi, na katika wiki ile hakuna njia aliyopita bila kusifiwa.

Barua ya Asheri ilijibiwa katikati ya Februari. Alikuja nayo kwa Saleha, akamsomea. Walimshukuru kwa bidii yake. Fedha imekwisha pangwa, ramani ya jengo imekwisha chorwa, na kwa kuwa taarifa za miaka miwili zinaonyesha hakuna kifo, Mwangoma imefutwa katika orodha ya vijiji vyenye homa. Yeye mwenyewe amehamishiwa kazi nyingine upande wa Pangani, aondoke kesho.

Saleha alimshika mkono. Mwanamke mtu mzima, alimshika mkono kijana wa watu kama anayezama. "Nipe kitu. Usiniache hivi. Nimezika wawili, Asheri. Huyu akinitoka sitabaki."

Asheri alifungua mkoba wake kwa shida, kama mtu anayejua anafanya kosa. Alitoa vidonge vinane vya kuzuia homa. Vilikuwa vyake, wao wanaolala vijijini hupewa, akasema. Mtoto apewe nusu kila Jumapili, ndani ya asali, asikose. Vitamfikisha mwisho wa mvua.

"Na wengine?"

"Nina vinane, mama."

Saleha alivifunga kwenye pindo la kanga. Kuanzia siku ile Jumapili ikawa siku yake ya siri. Alikuwa akimpeleka Shekhe nyuma ya jiko, anampa asali, anamfuta midomo. Siku moja Mastura alimfuata mwenzake hadi huko, akasimama akitazama, akanyoosha kiganja. Alitaka asali. Saleha alimpa asali tupu.

Ramadhani iliingia pamoja na mvua. Mwaka ule haikuchelewa wala haikuanza polepole; ilikuja siku tatu mfululizo, madimbwi yakasimama njiani, na jioni ya nne wakati wa kufuturu ikasikika ile sauti nyembamba sikioni. Watu walijipiga mashavu, wakacheka. "Kumbe bado wapo!" Wazee wakasema ni wachache, watakufa. Saleha hakucheka. Alitazama ukuta, mweupe hadi darini, na mbu mmoja ametulia pale, miguu ya nyuma juu, ameshiba.

Kumi la kwanza la mfungo likapita salama. Katika kumi la pili mtoto wa Jumbe mwenyewe alishikwa, akapona. Mtoto wa nyumba ya mwisho, karibu na mikoko, hakupona. Watu wakasema degedege, shetani wa pwani, wakamchomea ubani. Jiwe la msingi lilikuwa bado halijawekwa. Zubeiri alimkuta Saleha kisimani, akamtazama, akapita bila kumwamkia. Usiku wa maziko yale, watu wamekwisha kufuturu, Saleha alikwenda mpaka mlangoni kwa Mwatumu kumwambia. Alimkuta anapika, na Mwatumu akamkaribisha kwa furaha, akamwonjesha mchuzi, na maneno yakarudi tumboni. Akajiambia kesho. Kesho yake akajiambia baada ya Idi, asiwaharibie watu sikukuu.

Siku ya nane baada ya Idi, asubuhi, Mwatumu alipiga kelele.

Saleha alifika wa kwanza. Mastura alikuwa kitandani, macho yamegeuka meupe, meno yamekazana, mwili unarukaruka. Juu ya kichwa chake ukuta uling'aa. Saleha aligusa paji la uso la mtoto, akaujua ule moto. Alikwisha ushika mara mbili maishani mwake. Alitoka mbio, akafungua pindo nyuma ya nyumba. Jumapili tisa zilikwisha pita, nusu nusu. Alitoa kizima kimoja. Akasimama nacho, na lazima isemwe kwamba alisimama muda, akihesabu Jumapili zilizobaki kabla ya mvua kukatika. Kisha akakisaga kwa jiwe, akakitia maji, akarudi.

"Nini hicho?" Mwatumu akauliza.

"Dawa ya mjini. Mwinue kichwa."

Maji yale yalitoka pembeni mwa mdomo. Machache yalipita, labda. Ilipofika adhuhuri mtoto aliacha kurukaruka, na mama yake akadhani amelala.

Walimzika kabla ya alasiri. Siku ya pili ya matanga wanawake walikaa chumbani mwa Mwatumu mikekani, wamebanana, na watoto wao mapajani kwa kuwa nje kulikuwa na maji. Waliokuja kutoka Moa walikuwa wakiisifu nyumba kwa sauti za chini. Mwatumu aliwasikia. Alikuwa hajalia tangu jana. Alimgeukia Saleha.

"Shoga, arobaini ikipita utanisiribia tena hapo juu ya kitanda. Mwanangu amepachora kwa mkaa, sitaweza kupaona."

Saleha alitazama ile michoro. Palikuwa na duara, na duara nyingine, na kitu chenye miguu mingi.

"Sitasiriba," akasema. "Mimi ndiye niliyemuua."

Wakamshika, wakamwambia astaghafiru, huzuni imemzidi. Aliwatoa mikono. Alisema yote, hakupamba: dawa iliyokuwa ukutani, wanaume walioambiwa na wasiseme, siku nne za udongo, kikombe cha Asheri, barua, zahanati. Alisema kwamba mbu wanaowauma usiku wametua kwenye kazi ya mikono yake. Alimtaja Jumbe, na akajitaja yeye kwanza.

Mwatumu alimtazama kwa utulivu mkubwa, kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa mbali.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu kesho yake mgeni alipoondoka."

"Na yale maji machungu uliyomnywesha mwanangu, uliyatoa wapi?"

Saleha alishika pindo la kanga.

"Shekhe hajaugua hata siku moja," Mwatumu akasema. "Nilikuwa nikikushukuria Mungu. Unampa tangu lini?"

Saleha alifungua fundo la pindo. Kulikuwa na viwili na nusu. Aliviweka mkekani mbele ya Mwatumu, akakunja mikono. Mwatumu hakuvigusa. Lakini wanawake wengine, wale wa Mwangoma, walianza kusogea, mmoja kutoka huku, mwingine kutoka kule, kila mmoja amempakata wake na kiganja kikiwa kwenye paji lake la uso, na watoto mle chumbani walikuwa kumi na mmoja.